Waliolala Chini ya Paa la Kapela: Historia ya Wakimbizi katika Nchi ya Mahagi



Katika siku hizi za jubilei waamini wote wa parokia yetu wanamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema nyingi alizotujalia tangu Injili ilipofika katika milima hii. Katika kurasa nyingine za kitabu hiki msomaji atakuta majina ya mapadri waliotuhudumia, ya masista waliofundisha na kutibu, ya makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu toka kilima hata kilima, na ya waashi waliochoma matofali ya kanisa letu. Ni haki kuwakumbuka. Asiyewakumbuka wazee wake ni kama mti usio na mizizi.

Lakini kuna watu wengine waliopita kati yetu, nao hawana ukurasa. Walifika usiku, wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Walilala katika darasa la katekesi, chini ya paa la kapela, au katika jiko la mtu wasiyemjua. Wengine walikaa wiki moja, wengine miaka sita, wengine hawakuondoka tena. Seminarini tulifundishwa juu ya kitabu cha parokia kiitwacho kwa Kilatini Status animarum, yaani hesabu ya roho, ambamo kila nyumba ya waamini inaandikwa. Kitabu kile kimetungwa kwa ajili ya watu wenye nyumba. Yule ambaye nyumba yake imechomwa ataandikwa wapi?

Kwa hiyo nimeona vema kuandika historia hii fupi, ili katika furaha ya jubilei wasisahauliwe wale waliokaa mlangoni. Tena nataka kuonyesha neno moja: kwamba katika nchi ya Mahagi mkimbizi si mtu wa kabila fulani, wala si mtu wa namna ya pekee. Kila mmoja wetu ni mtoto au mjukuu wa mtu aliyewahi kupokelewa.

I. NCHI YA WATU WALIOKUJA

Wazee wetu Waalur hawakuota kama uyoga katika milima hii. Ni watu wa ukoo mkubwa wa Waluo, ndugu za Waacholi na za Wajaluo wa Kenya, na babu zao walitoka upande wa mto Nili wakipanda polepole kuelekea nchi ya baridi iliyo juu ya ziwa Albert. Walipofika waliwakuta wenyeji: Walendu, waliokuwa wakulima, na Wando-Okebo, waliokuwa wafua chuma. Majembe ambayo kwayo Waalur walilima mashamba yao ya ulezi yalitoka katika moto wa Okebo.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi usultani wa Waalur ulivyoenea. Mwalimu mmoja Mwingereza, Aidan Southall, aliyekaa kati ya Waalur miaka ya 1940 na 1950 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1956, alieleza yale ambayo wazee wetu pia wanayasimulia: mara nyingi usultani haukuenea kwa mkuki. Walendu au Okebo wa kilima fulani, wakichoshwa na magomvi kati ya koo zao, walikwenda wenyewe kumwomba sultani awape mmoja wa wanawe, au walimchukua kijana huyo na kumweka kwao. Waliamini kwamba anaweza kuita mvua na kukata kesi bila kupendelea ukoo. Basi yule mgeni alikaa kati yao, akajengewa nyumba, akawa mwamuzi wao.

Sisemi kwamba siku zile hazikuwa na vita, wala kwamba wenyeji wote walifurahia kuwa chini ya wengine. Mara nyingi Okebo walidharauliwa, ingawa bila wao hakuna aliyelima. Hata hivyo tukumbuke kwamba mwanzo wa nchi yetu ni mgeni aliyepokelewa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

II. MPAKA UNAPITA KATIKATI YA UKOO

Kisha wakaja Wazungu na karatasi zao. Kwa mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 Waingereza walimkodisha mfalme Leopold II wa Ubeleji nchi kubwa iliyo magharibi ya Nili, pamoja na njia ya kufika bandari ya Mahagi kwenye ziwa Albert. Mfalme alipofariki mwezi wa Desemba 1909, nchi iliyoitwa Lado ilirudishwa mwaka 1910 chini ya serikali ya Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, inayoitwa West Nile, ikawekwa chini ya Uganda. Mahagi ilibaki Kongo. Mapatano ya mwaka 1910, na yale yaliyofuata mwaka 1915, yaliweka sehemu ya mpaka juu ya migongo ya milima, pale ambapo maji yanagawanyika, mengine yakishuka kwenda Nili, mengine yakielekea mto Kongo.

Kwa mhandisi mwenye ramani, mpaka ule ulikuwa wa akili. Kwa Mwalur ulipita kati ya nyumba ya kaka na nyumba ya mdogo. Tangu siku zile mtu aliweza kuwa na shamba Kongo na kaburi la baba yake Uganda. Huku walifundisha Mapadri Weupe, kule Wakomboni. Huku mtoto alijifunza Kifaransa, kule Kiingereza. Nyumbani wote wawili walimsalimu bibi yao kwa lugha moja.

Ukoo uliokatwa hivyo haukusahau kwamba ni mmoja. Mpaka uliowatenganisha watu uligeuka pia kuwa mlango wa kuokoka. Wakati wa Wabeleji kulikuwa na kodi, na kazi za barabara, na mazao ya lazima. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ilihitaji mikono na chakula. Vijana walichukuliwa kwa kazi, na vijiji vilitakiwa kutoa posho. Mtu aliyechoka alivuka kilima. Wengi walifika hata Buganda, wakafanya kazi ya kibarua katika mashamba ya pamba na kahawa, wakidharauliwa huko kama watu wasio na kwao. Hao nao walikuwa watu wetu waliokaa pembeni, ingawa hakuna aliyewaita wakimbizi.

III. KANISA KATIKA NCHI YA MPAKANI

Mapadri Weupe walileta Injili Ituri toka kusini, na mwaka 1922 Roma iliweka eneo la ziwa Albert kuwa sehemu ya pekee ya kimisionari. Mwaka 1959, Kanisa la Kongo lilipopewa majimbo yake kamili, Bunia ikawa jimbo. Mwaka 1962 jimbo letu lilizaliwa, naye Monsenyeri Thomas Kuba akawa askofu wake wa kwanza. Baadaye jimbo likapewa jina la Mahagi-Nioka.

Lakini mtoto huyo alizaliwa katika nyumba iliyojaa wageni. Kaskazini, katika Sudani ya kusini, vita vilikuwa vimeanza mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 Wasudani wengi waliingia Kongo na Uganda, hata amani ilipotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1972. Na kabla jimbo halijatimiza miaka mitatu, uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulifika Ituri. Wakati ule walikuwa Wakongo waliovuka mpaka na kupokelewa West Nile. Hivyo katika miaka ile ile jimbo letu lilikuwa likipokea watu mlango wa kaskazini na kutoa watu mlango wa mashariki. Anayedhani kwamba kukimbia ni jambo la jirani tu, asome tena miaka ile.

IV. WATU WA WEST NILE, 1979 HADI 1986

Sasa tunafika kwenye miaka ambayo wazee wa parokia wanaikumbuka zaidi. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nalo, na utawala wa Idi Amin ukaisha. Kwa kuwa Amin alitoka West Nile, watu wengi wa kule waliogopa kisasi, ingawa wengi wao hawakupata faida yoyote katika utawala wake. Hata wengine waliuawa naye. Kundi la kwanza lilivuka katika mwaka huo. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliingia West Nile kwa silaha, na jeshi jipya la Uganda lilipojibu, halikutofautisha mwasi na mkulima. Hapo nchi nzima iliamka na kukimbia. Wengi sana walikwenda Sudani. Makumi ya maelfu waliingia Zaire, katika zoni za Aru na Mahagi na mbele yake.

Hata misioni haikuwa kimbilio. Tarehe 24 Juni 1981, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, askari waliwaua makumi ya watu waliokuwa wamejificha katika misioni ya Katoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Habari hiyo ilifika kwetu pamoja na watu waliookoka. Tangu hapo, wazee wanasema, hakuna aliyeuliza tena wageni kwa nini hawarudi kwao.

Waliishije? Wengine walipelekwa katika makazi yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Wengi walibaki karibu na mpaka, kati ya ndugu na marafiki, bila karatasi yoyote. Siku za kwanza walipewa chakula na kilago. Kisha methali ikatimia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji alimwonyesha kipande cha shamba lililopumzishwa, akamwambia: «Lima hapa.» Yule asiyepata shamba alilima kwa kibarua, kutwa nzima kwa bakuli la maharagi au mafungu ya muhogo. Wanawake walitwanga, waliteka maji, waliuza kuni. Wenye ujasiri walivuka usiku kurudi katika mashamba yao wenyewe ili kuvuna muhogo walioupanda kwa mikono yao, wakiuiba kama wezi. Na wengine hawakurudi.

Tusiipambe historia. Kulikuwa na wenyeji waliotoa shamba lenye magugu, wakalichukua tena lilipokuwa safi na mahindi yamekaribia kukomaa. Kulikuwa na watu wenye bunduki waliowanyang'anya wageni baiskeli na nguo njiani, wakijua kwamba mkimbizi hana pa kushtaki. Kulikuwa na mabinti walioolewa bila mahari, kwa kuwa baba zao hawakuwa na ukoo karibu wa kuwasemea. Na soko likipanda bei, watu walisema: «Ni wageni.» Mvua ikikosekana: «Ni wageni.»

Lakini kulikuwa pia na mambo mengine. Kati ya wageni walikuwamo walimu, wauguzi, waashi, mafundi cherehani na makatekista. Waliimba katika kwaya zetu na kutufundisha nyimbo zao. Watoto wao walijifunza sala katika Kiswahili chetu, lugha ambayo kule Uganda wazazi wao waliisikia zaidi katika midomo ya askari, na ambayo hapa waliisikia kwa mara ya kwanza katika Baba Yetu. Mwaka 1980 jimbo lilimpata askofu wake wa pili, Monsenyeri Alphonse-Marie Runiga, na kundi alilokabidhiwa lilikuwa na kondoo wengi waliotoka zizi la jirani. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, Padri Pedro Arrupe, mkubwa wa Wayezuiti, alianzisha shirika la kuwahudumia wakimbizi ulimwenguni. Yale Kanisa zima lililoanza kuyatafakari, vilima vyetu vilikuwa vimekwisha kuyaanza kwa jembe na chungu.

Polepole, na hasa baada ya serikali kubadilika Kampala mwaka 1986, wengi walirudi kwao. Waliacha makaburi na miembe. Wengine waliacha pia binti aliyeolewa hapa, au kijana aliyebaki na kazi yake. Watoto wa hao leo ni wazee wa mashirika yetu, na hakuna anayewaita wakimbizi tena.

V. ZAMU YETU

Mwezi wa Juni 1999 vita vya ndugu kwa ndugu vilianza katika teritwari ya Djugu. Kwa miaka minne Ituri ilimwaga damu; Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu zaidi ya 50,000 walikufa, na zaidi ya nusu milioni walihama makwao. Mwezi wa Mei 2003 mapadri wawili, Aimé Njabu na François Mateso, waliuawa katika parokia ya Nyakasanza mjini Bunia, pamoja na watu waliojificha humo. Njia ya kaskazini ilijaa watu. Wengine walisimama Mahagi. Wengine waliendelea hadi Uganda, wakapokelewa Nebbi, na watu wale wale ambao baba zetu waliwapokea miaka 20 hivi kabla ya hapo.

Tulidhani yamekwisha. Lakini toka Desemba 2017 moto uliwaka tena Djugu. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2018 watu zaidi ya 40,000 walivuka ziwa Albert kwa mitumbwi, na kipindupindu kikawapata kwenye pwani ya Uganda. Mwezi wa Juni 2019, katika majuma machache tu, zaidi ya 300,000 waliacha nyumba zao. Maelfu kati yao walipanda kwetu. Na msiba haukubaki Djugu: vijiji vya kusini mwa Mahagi navyo vilishambuliwa, na sisi wenyewe tukafunga mizigo.

Hapa naomba tukumbuke jambo la mwaka 2020. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake tangu Machi. Watu wetu waliokimbia walikaa wiki nyingi mlimani, karibu na mpaka, katika mvua na baridi, bila kuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kisha, siku tatu za kwanza za Julai, Uganda ilifungua vivuko viwili vya wilaya ya Zombo, Guladjo na Mlima Zeu, na watu zaidi ya 3,000 wakaingia. Walipimwa, wakatengwa kwa siku kadhaa, kisha wakapelekwa kambini. Yule aliyewafungulia mlango aliutaja wajibu wa sheria. Lakini watu wa Zombo walioleta maji na muhogo hawakusoma sheria, walikumbuka.

Hata kambi nazo hazikuwa salama. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, Djugu, wanamgambo waliwaua watu wapatao 60 kwa mapanga na bunduki. Tarehe 12 Juni 2023, katika kambi ya Lala, zaidi ya 40 waliuawa, wakiwamo watoto wengi. Hao walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja. Basi mtu akija kwetu na kukataa kwenda kambini, tusimwite mkaidi.

VI. WALE WALIO MLANGONI PETU

Siku hizi tunawaita «wadeplase», neno tulilolitoa katika Kifaransa. Sheria inatofautisha: aliyevuka mpaka wa nchi ni mkimbizi, naye analindwa na mkataba wa mwaka 1951 na ule wa Afrika wa mwaka 1969, aliyehama ndani ya nchi yake bado ni raia chini ya serikali yake, na kwa ajili yake Afrika ilitia sahihi mkataba wa Kampala mwaka 2009. Tofauti hiyo ina maana ofisini. Lakini chini ya paa la kapela mvua haiulizi.

Tazameni maisha yao. Mama huamka kabla ya jogoo kutafuta kibarua. Akipata shamba la kulima, watoto watakula jioni, asipopata, watalala. Kuni anazifuata mbali, na mwenye msitu humfukuza. Watoto huenda shule mwezi mmoja, huacha, hurudi, hata wanaona haya kukaa na wadogo. Baba aliyekuwa na ng'ombe na heshima kwake, hapa hakai barazani na wazee, kwa kuwa hana shamba, na asiye na shamba hana neno. Na juu ya yote liko jambo la kushukiwa. Tunamwuliza jina la kijiji chake si ili tumjue, bali ili tujue kabila lake. Na tukilijua, tunamtwika makosa ya watu wenye mapanga ambao yeye mwenyewe aliwakimbia. Katika teritwari yetu Walendu ni wenyeji toka zamani za kale, kabla ya Mwalur wa kwanza. Kumhesabu jirani wa namna hiyo kuwa adui kwa sababu ya lugha yake ni kuivunja nyumba kwa kung'oa msingi.

Na sisi watumishi wa Kanisa tujichunguze. Mimi mwenyewe nina kosa la kuungama hapa. Mwaka mmoja mama aliyetoka Djugu alinijia na binti yake, akaomba mtoto aandikishwe katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nikamwomba kadi ya ubatizo. Akasema imeungua pamoja na nyumba. Nikamjibu, kama nilivyozoea kuwajibu wote: «Rudi kwenye parokia yako, uombe nyingine.» Alinitazama, akaniambia kwa upole: «Katekista, parokia yangu imebaki nyasi.» Nami, kwa kuogopa kukosea taratibu, nikasema sitaweza. Alishika mkono wa mtoto, akaondoka.

Nilipomweleza padri wetu, alifungua kitabu cha sheria za Kanisa, akanionyesha kanuni ya 876: kuuthibitisha ubatizo, kama hakuna wa kudhurika, neno la shahidi mmoja asiyeshukiwa latosha. Shahidi alikuwa amesimama mbele yangu, nami nikamfukuza. Nilitoka kumtafuta. Nilipofika pale walipolala, niliambiwa wameondoka siku mbili kabla, na hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Tangu siku ile kila mara ninapofungua daftari la wanafunzi wa Komunyo, namkumbuka binti yule ambaye jina lake sikuliandika.

Ndugu wapenzi, katika kitabu cha ubatizo kuna nafasi pembeni ya kila jina. Sheria inaagiza kwamba hapo yaandikwe kipaimara, ndoa, na nadhiri za mtu, hata kama amevipokea katika parokia ya mbali. Ndivyo Kanisa linavyomfuata mtoto wake popote aendapo. Kwa maelfu ya watu wa Ituri nafasi ile imebaki tupu, au kitabu chenyewe kimeungua. Basi kazi ya kuwafuata imebaki mikononi mwetu.

VII. TUFANYE NINI?

Sipendi kumaliza kwa maneno matamu tu. Napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha za ng'ambo.

Kwanza, kila shirika liwe na daftari la wageni wake: jina, parokia ya asili, sakramenti walizopokea, na jina la shahidi. Daftari hilo lipelekwe parokiani kila baada ya miezi mitatu. Mtu aliyeandikwa hapotei kirahisi.

Pili, shamba likitolewa kwa mgeni, neno hilo lisemwe mbele ya mashahidi: mzee wa shirika, na mjumbe wa shefu wa kilima. Isemwe ni misimu mingapi, na kwamba mwenyeji hatalichukua kabla ya mavuno. Kwa njia hiyo mgeni atalima kwa moyo, na mwenyeji hataogopa kunyang'anywa ardhi yake. Magomvi mengi ya siku zile za watu wa West Nile yalitokana na ahadi zilizotolewa bila shahidi.

Tatu, tujitahidi kuwaita kwa majina yao. Mtu si «deplase» kama vile mtu si «homa». Ni Maria, ni Yohane, ni fundi seremala, ni mwimbaji, ni mama wa watoto wanne. Akialikwa kusoma somo siku ya Dominika au kukaa katika baraza la shirika, ameanza kupona.

HITIMISHO

Toka kale nchi yetu imekuwa kama baraza penye njia panda. Waalur walipokelewa na Walendu na Okebo. Wakongo walipokelewa Uganda mwaka 1964, Waganda walipokelewa hapa mwaka 1980, na mwaka 2020 watu wetu wakapokelewa Zombo. Leo watu wa Djugu wamesimama mlangoni. Hakuna anayejua zamu ijayo itakuwa ya nani.

Bwana wetu mwenyewe alichukuliwa usiku na wazazi wake kwenda Misri, na huko kulikuwa na Mmisri fulani, ambaye Injili haikumtaja, aliyewapa mahali pa kulala. Mtu yule hana ukurasa, lakini jina lake linajulikana mbinguni. Parokia yetu ina watu wengi kama yeye: wazee waliogawa shamba, akina mama waliogawa chungu, makatekista waliofungua mlango wa kapela saa sita za usiku bila kuuliza kabila. Jubilei hii ni yao pia. Na ni ya wale waliolala humo ndani.

Yule mama wa Djugu akisoma maneno haya, au mtu anayemjua akimsomea, ninamwomba radhi. Binti yake sasa amekuwa mkubwa. Akija, hatutamwomba kadi.

Mungu aibariki parokia yetu, awape raha ya milele marehemu wote wa njiani, na awarudishe makwao kwa amani wote wanaotamani kurudi. Amina.